Kualikwa nyumbani kwa Wagujarati: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Watu wengi wa Afrika Mashariki huenda India kwa matibabu, masomo au kununua vitambaa, na kabla wiki haijaisha wameshaalikwa chakula na mtu waliyefahamiana naye hospitalini, chuoni au dukani. India ni kubwa, na desturi za Punjab si za Kerala. Majibu haya yanahusu jimbo la Gujarat, hasa mji wa Ahmedabad, kwa sababu Wahindi wengi wa Mombasa, Dar es Salaam na Kampala asili yao ni huko, na ndiko mialiko mingi inakotoka. Pale kazi ya mgeni ni kupokea. Anayejua kupokea kidogo kidogo na kwa wakati wake hatapata shida.

Nifike saa ngapi?

Chakula cha usiku katika nyumba nyingi huliwa kati ya saa mbili na saa tatu. Ukichelewa robo saa hakuna atakayenuna. Kuwahi ndiko kubaya: mwenye nyumba yuko jikoni, na rotli, chapati zao nyembamba, hupikwa wakati uleule wa kuliwa, kwa hiyo atalazimika kuacha kazi ili akae na wewe.

Kwa Wajaini, wafuasi wa dini ya Kihindi inayokataza kudhuru kiumbe chochote, kanuni ni nyingine. Wengi wao hula kabla ya jua kuzama. Ukiambiwa saa kumi na moja na nusu jioni, fika saa hiyohiyo. Ukitokea jua limeshazama, ama wamekula bila wewe, ama wamekungoja na sasa watalala na njaa.

Nibebe zawadi gani?

Sanduku la mithai, yaani vitamu vya Kihindi: nusu kilo kwa ziara ya kawaida, kilo nzima siku ya sikukuu. Penda na barfi ni vya maziwa na huharibika upesi, hasa wakati wa joto, kwa hiyo nunua siku ileile. Kaju katli, ya korosho, hustahimili zaidi. Lozi na pistachio ndani ya sanduku zuri nazo haziharibiki.

Kutoka nyumbani, beba majani ya chai ya Kericho au Mufindi, kahawa ya Kilimanjaro, korosho, au karafuu za Pemba. Vipande vya kitenge vya pamba hupendwa sana. Hugeuzwa foronya na vitambaa vya meza.

Yanayoharibu ni haya: biskuti na keki zenye mayai, peremende zenye jelatini, pochi na mikanda ya ngozi, na pombe. Gujarat ina marufuku ya pombe tangu jimbo lilipoundwa mwaka 1960, na chupa uliyonunua uwanja wa ndege inaweza kumtia mwenyeji wako matatani pamoja na wewe. Kwa Wajaini ongeza asali na krispi za viazi katika orodha hiyo. Ukinunua kitu cha pakiti huko India, tazama alama: kitone cha kijani ndani ya mraba maana yake hakina nyama wala mayai, pembetatu ya kahawia maana yake kinayo.

Zawadi haifunguliwi mbele yako. Itawekwa kando, pengine karibu na madhabahu ya nyumbani, na hakuna atakayeitaja tena. Usidhani haikupendwa.

Mlangoni nifanyeje?

Vua viatu kabla ya kizingiti, hata wakikwambia usijali. Soksi zenye tundu zibaki hotelini. Unganisha viganja kifuani useme *namaste*. Baadhi ya familia husema *Jai Shri Krishna*, Wajaini *Jai Jinendra*. Mwanamume asitangulie kunyoosha mkono kwa mwanamke, asubiri kama yeye ataunyoosha. Vijana wa nyumba huinama kugusa miguu ya wazee. Mgeni halazimiki, lakini ukiinama kidogo tu mzee atakuzuia katikati na kukuwekea mkono kichwani, na hapo umeshakubalika.

Niwaite kwa majina?

Si jina tupu. Mwanamume wa rika lako ongeza *bhai* mwishoni mwa jina lake, mwanamke ongeza *ben*. Walio na umri wa wazazi wako ni *kaka* na *kaki*, au *masi* ikiwa ni rafiki wa mama mwenye nyumba. Bibi ni *ba*, babu ni *dada*. Hapo Mswahili hujikwaa: *mama* ni mjomba, mwenye ndevu zake, *dada* ni babu, na *kaka* si ndugu yako bali ni baba mdogo. Ukitambulishwa kwa *mama*, usitafute mwanamke.

Nimeletewa maji kwenye trei na sina kiu. Nikatae?

Chukua glasi, onja au iweke mezani. Maji ndiyo karibu yenyewe, na kuyakataa ni kama kukataa kuketi. Yakiletwa kwenye chombo cha pamoja, mimina kinywani bila midomo kugusa. Ukiona huwezi bila kujimwagia, omba glasi.

Chai itafuata: maziwa, tangawizi, iliki na sukari nyingi. Vikombe ni vidogo lakini havikomi. Sema *adadhi*, nusu, mapema kabla hawajamimina.

Sinia lina vikombe vingi. Nianzie wapi?

Sinia la Kigujarati huwa na rotli iliyopakwa samli, mboga aina moja au mbili, dengu au choroko, dal (mchuzi mwepesi wa nafaka za jamii ya dengu) yenye sukari guru na ukwaju au ndimu, kitafunwa cha chumvi kama dhokla, achari, papadi na kitamu kimoja. Mgeni wa kwanza hushtuka kukuta dal ni tamu. Ndivyo ilivyo, hawajakosea.

Osha mikono, keti, ngoja uambiwe *jamo*, yaani kula. Kitamu huliwa pamoja na chakula, si mwisho. Anza na rotli na mboga: kata kipande kwa vidole vya mkono wa kulia peke yake. Kidole cha shahada kinakandamiza, gumba na cha kati vinachana. Mkono wa kushoto unashika glasi na kijiko cha kupakulia, haugusi chakula. Wali huja baadaye, pamoja na dal, na kuja kwake ni ishara kwamba mlo unakaribia mwisho. Wengi hujaza tumbo kwa rotli sita, kisha wali unatua wakati hakuna nafasi. Funga kwa *chaas*, mtindi mwepesi wenye bizari nyembamba na chumvi, na baada yake kijiko cha shamari cha kutafuna.

Jambo moja watu hulikosea sana: kilichoguswa na mdomo wako hakirudi kwenye cha pamoja. Usichovye kijiko chako kwenye sufuria, wala usimpe jirani kipande kutoka sinia lako hata kama kwenu ni mapenzi.

Nimeshiba, wanaendelea kupakua. Nifanye nini?

Hiyo inaitwa *aagrah*, kusisitiza, na ni heshima. Mwenyeji asiyesisitiza huonekana bahili. Kukataa kwa mara ya kwanza huchukuliwa kuwa adabu tu, hakuhesabiki. Kwa hiyo panga tangu mwanzo: pokea kidogo, sifia, pokea tena kidogo. Ukikataa raundi ya kwanza kisha ukala sana ya pili, hakuna atakayeamini neno lako baada ya hapo.

Kikombe kitupu ni ombi la kujazwa. Bakiza tonge la mwisho mpaka utakapokuwa umemaliza kweli, kisha weka kiganja cha kulia juu ya sinia bila kuligusa, useme *bas* mara mbili ukitabasamu. Rotli ikiwa tayari iko hewani, omba nusu. Lakini usiache chakula kwenye sinia; kutupa chakula ni aibu kubwa kuliko kukataa. Baadhi ya Wajaini humaliza kwa kusuuza sinia kwa maji kidogo na kuyanywa, punje isipotee. Mgeni hategemewi kufanya hivyo.

Wajaini hawali nini hasa?

Nyama, samaki, mayai, asali, na vyote vinavyochimbwa: vitunguu, vitunguu saumu, viazi, karoti, tangawizi mbichi. Harufu unayodhani ni ya kitunguu mara nyingi ni mvuje. Usiahidi kuwapikia pilau ya kwenu bila kujua hili.

Mimi ni Mwislamu. Kuna tatizo?

La chakula hapana, maana nyumba nyingi za Kihindu na Kijaini hapa hazina nyama wala pombe. Omba sehemu safi ya kuswali. Utapewa bila maswali, kibla kutoka Ahmedabad ni karibu magharibi kamili. Epuka chumba chenye madhabahu.

Swali gumu ni *prasad*, chakula kilichotolewa mbele ya sanamu kisha kikagawiwa. Usipotaka kula, kipokee kwa mkono wa kulia na umpe mtoto wa nyumba, au mweleze mwenyeji faraghani kabla ya ibada. Kukiweka chini au kukitupa ndiko kunakoumiza. Wakati wa *aarti*, taa inapozungushwa, simama kimya nyuma. Hakuna anayekulazimisha kupaka alama kwenye paji la uso.

Wanawake wafahamu pia kwamba katika baadhi ya nyumba aliye hedhini haingii jikoni wala chumba cha ibada. Hutaulizwa, lakini ukialikwa kuingia huko unaweza kusema kwa upole kwamba utakaa sebuleni, na wataelewa.

Nisaidie jikoni?

Methali yetu ya mgeni siku ya tatu mpe jembe haijafika Ahmedabad. Jitolee mara moja, ukikataliwa acha. Jiko katika nyumba zenye msimamo wa dini ni mahali pa usafi maalumu, na hata mfanyakazi wa ndani huenda asiruhusiwe kugusa baadhi ya vyombo. Kubeba glasi kutoka mezani kunatosha.

Diwali ni siku gani ya kutembelea?

Sikukuu huangukia kati ya katikati ya Oktoba na katikati ya Novemba, kulingana na mwezi mwandamo, na ina siku kadhaa: Dhanteras ya kununua dhahabu na vyombo, Kali Chaudas, Diwali yenyewe ya taa na fataki, kisha *Bestu Varas*, mwaka mpya wa Kigujarati. Kwa mgeni siku ya kutembelea ni Bestu Varas. Watu huamka alfajiri, watoto hupita na chumvi ya baraka wakiita *sabras*, na kuanzia asubuhi kila mtu yuko njiani kwenda kwa wazee. Salamu ni *Saal Mubarak*.

Kila nyumba utakuta trei ya vitafunwa: mathiya, cholafali, ghughra na mithai. Nyumba tano ni trei tano. Chukua kipande kimoja kila mahali. Dakika kumi na tano zinatosha, wenyeji nao wanataka kutoka. Mzee akikupa noti mpya, pokea kwa mikono miwili, ni baraka. Na angalia unapokanyaga: mapambo ya unga wa rangi mlangoni yamechukua saa tatu za mtu.

Kwa wafanyabiashara: maduka na masoko ya vitambaa, Ahmedabad na Surat, hufungwa baada ya Diwali, na mengi hayafunguki mpaka *Labh Pancham*, siku ya tano ya mwaka mpya. Aliyepanga kununua mzigo siku hizo hula mithai tu.

Nataka kucheza garba. Nahitaji nini?

Garba, ngoma ya kucheza katika duara, huchezwa usiku tisa wa sikukuu ya Navratri, Septemba au Oktoba, na mwezi Desemba 2023 UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Kuna ya mtaani, bure, miguu mitupu, ndani ya uwanja wa majengo ya watu. Na kuna ya viwanja vikubwa, ya tiketi. Anza na ya mtaani.

Duara huzunguka kinyume cha mshale wa saa, taa au picha ya mungu wa kike ikiwa katikati. Jifunze kwanza makofi mawili, *be taali*, kisha matatu. Ingia kwenye duara la polepole, nyuma ya mtu wa makamo. Vijana wanaoruka watakukanyaga. Ukisimama ghafla unaangusha watu watatu nyuma yako, kwa hiyo toka kwa nje huku ukitembea. Nguo, *chaniya choli* kwa wanawake na *kediyu* kwa wanaume, hupatikana soko la Law Garden; bei ya kwanza kutajwa si ya kulipa.

Baadhi ya waandaaji wa viwanja vikubwa hawaruhusu wasio Wahindu na hukagua vitambulisho. Muulize mwenyeji wako kabla ya kukata tiketi, usisubiri kuaibishwa getini.

Na sikukuu ya tiara?

Uttarayan, tarehe 14 Januari, na siku ya 15 huendelea. Mji mzima unahamia juu ya mapaa. Utalishwa undhiyu (mboga za msimu wa baridi zilizopikwa pamoja kwa mafuta mengi) na jalebi, na kashata za ufuta.

Uzi mara nyingi una unga wa kioo. Zungushia plasta kidole cha shahada na cha kati, kwenye kiungo cha kwanza kabisa, kabla hujagusa uzi. Mgeni hupewa kwanza kushika *firki*, kibiringo cha uzi, nyuma ya anayerusha: legeza anapotaka uzi, na ukisikia *lapet* kunja haraka. Tiara ya mpinzani ikikatwa, paa zima linapiga kelele *kaipo chhe*. Usirudi nyuma ukitazama juu, kuta za mapaa mengi ni fupi. Asubuhi sana na jioni acha kurusha, ndege ndio wanapita. Uzi wa nailoni umepigwa marufuku. Na siku hizo usipande pikipiki bila kufunga skafu nzito shingoni.

Nimepewa kadi ya harusi. Nihudhurie kipi?

Kadi, *kankotri*, huorodhesha shughuli kila moja na saa yake. Mwombe mtu akusomee, maana nyingi ni za Kigujarati, na si kila kadi inakualika kwa yote. Harusi hazifanyiki ovyo: kipindi cha takriban katikati ya Desemba mpaka Uttarayan ni *Kamurta*, hakuna ndoa, msimu mkubwa ni kabla na baada yake.

Ukiwa na nafasi ya kuchagua, nenda kwenye garba ya usiku wa kuamkia ndoa na ndoa yenyewe. Tafrija ya jukwaani ni foleni ya picha. Siku ya ndoa bwana harusi anakuja na msafara wa ngoma. Mlangoni mama mkwe humpokea kwa *ponkhvu*, ibada ya kumkaribisha, na kujaribu kumkamata pua, kumkumbusha kuwa amekuja kuomba. Kisha mashada, kuunganishwa mikono, na kuzunguka moto: Wagujarati huzunguka mara nne, baadaye hufuata hatua saba. Wakati huo mashemeji wanaiba viatu vya bwana harusi na kudai fidia. Mwisho ni *vidaai*, kuagwa kwa bibi harusi, watu hulia. Usipige picha usoni.

Ibada huchukua saa mbili au tatu, na wageni huongea na hata kwenda kula katikati yake. Si utovu wa adabu. Jamaa wa karibu tu ndiye anayekaa mpaka mwisho.

Nguo: rangi, rangi, rangi. Epuka nyeupe tupu na nyeusi tupu. Mwenye buibui avae la rangi au atupie mtandio unaong'aa. Nyekundu iliyokolea mwachie bibi harusi. Sari ina kama mita tano na nusu, blauzi yake hushonwa kwa kipimo, mpe fundi siku mbili tatu, na beba pini sita.

Bahasha niweke kiasi gani?

Pesa ya *chandlo*, yaani tunzo ya harusi, huishia na moja: rupia 101, 251, 501, 1,101. Ile rupia moja ya ziada haiachwi, na maduka ya vifaa vya ofisi huuza bahasha zenye sarafu imeshabandikwa. Mgeni wa kawaida 501 inatosha. Rafiki wa karibu aongeze. Lakini kadi nyingi siku hizi zimeandikwa kwamba chandlo imefungwa. Ukiona hivyo usilazimishe, mpelekee bibi harusi zawadi ndogo nyumbani.

Hina yao ni kama ya kwetu?

Ndiyo, ila michoro ni midogo na imejaa. Acha ikae saa nne hadi sita, ikwangue, usioshe kwa maji mpaka kesho yake. Ikiwa nyeusi tangu mwanzo, kataa. Hiyo ina rangi ya nywele na huunguza ngozi, kama piko mbaya.

Familia ikiwa ni Mabohora?

Hawa ni Waislamu wa Kigujarati, na mambo yanabadilika kabisa. Watu kama wanane hula sinia moja kubwa, *thaal*, sakafuni juu ya kitambaa. Kijana atakuletea birika na beseni uoshe mikono ulipoketi. Funika kichwa. Mlo huanza kwa chembe ya chumvi na Bismillahi, kisha kitamu, kisha cha chumvi, na vinapishana hivyo. Kula upande wako tu. Nyama ipo, na nyingi.

Nimealikwa nilale. Kuna la kisheria?

Lipo, na wenyeji wengi hawalijui. Anayemlaza mgeni wa nje anatakiwa kujaza fomu ya taarifa za mgeni (zamani Fomu C) kwa mtandao ndani ya saa 24 tangu mgeni afike. Mpe nakala ya pasi, viza na picha siku ileile. Ikisahaulika, usumbufu hujitokeza unapohitaji huduma ya ofisi ya uhamiaji, kwa mfano kuongeza viza ya matibabu.

Nimesikia kuna msiba nyumbani kwao.

Hapo sahau mithai. Familia hutangaza *besnu*, kikao cha saa moja au mbili, mara nyingi magazetini. Vaa nyeupe, keti chini kimya dakika kumi, unganisha viganja mbele ya picha ya marehemu na wafiwa, ondoka. Hupewi chakula, na usingoje. Nyumba iliyofiwa mara nyingi haisherehekei Diwali inayofuata, kwa hiyo mwaka huo usiwapigie kusema Saal Mubarak. Nenda tu ukawajulie hali.